Tupeane uzoefu: ndege za safari fupi unakaa kiti gani, na kilikupata nini?

Mjukuu wa Machame (mwenye uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naongelea hizi ndege za saa moja, saa moja na nusu. Wa Dubai na Guangzhou mna nyuzi zenu.

Naanza na aibu yangu. Desemba iliyopita nilimpandisha bibi ndege kwa mara ya kwanza, Dar kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Ana miaka sabini na kitu, mlima anauona kila asubuhi akifungua mlango wa jiko, ila kwa juu hajawahi. Nikachekin mapema kwa simu, nikampatia dirisha, nikajiona mjanja. Upande wa kushoto. Zimebaki kama dakika ishirini kutua nasikia kulia, "Ule pale! Yesu wangu!" Simu zote ziko dirishani. Bibi ananyoosha shingo, anaona migongo ya watu. Upande wetu ni mbuga za Simanjiro, kahawia mpaka macho yanachoka. Akaniambia kwa ule upole unaouma kuliko kofi, "Kumbe umenileta nione Umasaini."

Haya, na nyie semeni.

Mzee wa Dirisha
Pole kwa bibi, wewe sikupi pole. KIA iko kusini-magharibi mwa mlima. Ukitoka Dar unapanda kaskazini-magharibi, kwa hiyo mlima unakuja mbele yako, mkono wa kulia. Kwenda kaa kulia, kurudi kaa kushoto. Anayetoka Nairobi kuja KIA anauona kushoto. Nairobi kwenda Dar moja kwa moja, mara zote nilizopita tumeuzunguka kwa mashariki, yaani kulia tena.

Na uchukue ndege ya asubuhi. Mchana kilele cha Kibo kinajifunika mawingu, utalipia dirisha uangalie pamba. Mara moja moja rubani anaambiwa azunguke asubiri zamu ya kutua, hapo hata wa kushoto anapata chake.

Siti ya Katikati
Mimi nimelelewa na Noah za Arusha, watu wanne kiti cha watatu na kuku miguuni. Popote mtakaponiweka nashukuru.

Mnada wa Igoma
Yangu ni ya Mwanza. Nilikuwa nimebanwa na muda, nikaomba kiti cha mbele kabisa ili nishuke wa kwanza, akili ya basi hiyo, karibu na dereva. Ndege yenyewe ATR. Nafika naambiwa tunapandia nyuma! Kumbe ATR mlango wa abiria uko mkiani, mbele kule ni mizigo. Nikapita katikati ya watu wote mpaka safu ya kwanza. Kushuka sasa: nimesimama na begi kifuani, naangalia visogo vya abiria sitini na kitu, kila mmoja anatafuta koti lake taratibu kama yuko sebuleni. Nilitoka wa mwisho. Mnunuzi wangu nilimkuta ameshanunua kwa mtu mwingine.

Tangu hapo kabla sijachagua kiti nauliza ni ndege gani.

Futi Sita na Ushee
Mimi ni mlango wa dharura au sipandi. Magoti yangu yamewahi kuacha alama kwenye mgongo wa kiti cha mwenzangu. Ila kile kiti kina masharti. Mhudumu alinisimamia akaniuliza kama naweza kuufungua mlango likitokea la kutokea, nikasema ndiyo kwa sauti ya jeshi. Kikoba changu kikaondolewa miguuni kikawekwa juu, hakitakiwi kitu pale chini. Jirani yangu alikuwa mama mjamzito, akahamishwa kwa heshima zote. Kwa hiyo msiende kuwaombea bibi zenu kiti kile kwa sababu ya nafasi, hawatapewa.

Angalieni pia kiti kilicho mbele ya mlango wa dharura. Mara nyingi hakilali, na cha mwisho kabisa nyuma hivyohivyo, tena huyo wa nyuma ana zawadi ya foleni ya choo begani kwake.

Mnada wa Igoma
Saa moja unataka kulaza kiti, unalala au unazimia?

Dada wa Mkanda
Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka kadhaa, sasa nimeacha, naomba nichangie kidogo.

Bombadia zetu za Air Tanzania, zile Q400 zilizoanza kuja 2016, ni mbili kwa mbili, hakuna wa katikati. Bawa liko juu ya madirisha, kwa hiyo karibu kila safu utaona chini, isipokuwa pale usawa wa injini. Wanaopenda mambo wakae hapohapo, maana magurudumu yanatokea kwenye tumbo la injini na mtayaona yakishuka na kugusa lami. Ila hapo karibu na panga boi kelele inakula sikio. Mwenye mtoto mchanga au kichwa kinachomuuma arudi nyuma.

Airbus A220 zilizoanza kuja mwishoni mwa 2018 ni nyingine kabisa. Kushoto viti viwili, kulia vitatu. Mkisafiri mke na mume, kushoto, hamtapata mgeni. Bawa lake liko chini ya dirisha, ukikaa juu yake utaona bati tu mpaka Mwanza. Lakini anayeogopa mtikisiko ndiko nilikokuwa nampeleka, usawa wa bawa, pale ndege haichezi kama mkiani. Mkia unapepea, nimemwaga chai nyingi kule.

Halafu hili linanikera mpaka leo: ndege ndogo ina abiria kumi na tano, mlango ukifungwa tu watu wanahama kama wako daladala tupu. Muulize mhudumu kwanza! Mlipangwa vile ili uzito ukae sawa. Nimewahi kumrudisha mheshimiwa mmoja kwenye kiti chake, akanuna mpaka Dodoma.

Wa Nyali
Mimi natoka Mombasa, huenda Nairobi kikazi karibu kila mwezi. Kuenda Nairobi nakaa kushoto, kurudi kulia. Siku hakuna mawingu unaona kilele kule mbali kimekaa peke yake juu ya vumbi la Tsavo. Wenzangu wamelala midomo wazi, mimi na uzee huu bado napiga picha. Bibi wa Machame hajui tu, huku sisi mlima wake tunauchungulia bila pasipoti.

Mpemba wa Kariakoo
Wenye kuchagua viti mna raha zenu. Zile Caravan za injini moja za kwenda Unguja huchagui. Unapimwa wewe na begi lako mbele ya watu, mke wangu alikataa kuangalia namba. Kisha rubani anawapanga kama nazi kwenye mashua, mzito huku, mwepesi kule. Siku moja akanionyesha kidole: wewe, mbele, pembeni yangu. Dakika ishirini nimekunja mikono mapajani kama niko chuoni mbele ya maalimu, usukani mwingine uko hapa, nauona unacheza wenyewe. Chini maji ya kijani, fungu la mchanga limejitokeza, majahazi mawili. Sijawahi kupata kiti kizuri vile na wala sikukiomba. Nikimsimulia wife anasema ni uzito tu ulionipeleka.

Mhaya Mpole
Kwetu kiti si mandhari. Tangu ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ilipoingia ziwani Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki, mama anataka nyuma, karibu na mlango. Sibishani naye wala simwambii habari za bawa. Namchagulia nyuma, nakaa naye, anashika rozari yake mpaka tunatua.

Dada wa Mkanda
Mpe pole mama. Kabla ya kuruka mhesabie safu ngapi kutoka kiti chake hadi mlangoni, azijue kwa kugusa migongo ya viti. Sisi ndivyo tulivyofundishwa, kwa sababu moshi ukiingia huoni kitu.

Mjukuu wa Machame
Ahsanteni wakuu. Nimempigia bibi leo, nikamwambia akija Dar kwa ajili ya kliniki nitamkatia ndege ya asubuhi, kushoto, na ya kurudi kulia, mlima wote wa kwake. Akanyamaza kidogo. Akauliza hiyo ndege inasimama Korogwe? Nikamwambia bibi, ndege haisimami. Anasema basi yeye atapanda basi, Korogwe kuna mama anauza machungwa wanajuana, na mlima ameshauona.