Mrejesho: zege la uani Moshi lililokuwa linateleza

Wakuu salama, mwezi wa nne niliuliza kuhusu zege la uani hapa Moshi lililoota ukijani wakati wa masika mpaka bi mkubwa akateleza akaumia kiwiko, wengine mkanishauri nimwage tindikali. Nashukuru sikuthubutu maana jamaa mmoja humu alinishtua kwamba tindikali inakula sementi yenyewe. Nilichofanya nikachanganya jiki na maji, nikamwaga jioni jua limepoa, nikaacha kama robo saa hivi alafu nikasugua na brashi ngumu (mgongo nao ukalia) nikasuuza maji mengi, ukijani wote ukatoka.

Ila ndo hivyo baada ya wiki tatu ukarudi pale pale chini ya gata, kumbe linavuja na migomba imeziba jua kwahiyo pale hapakauki kabisa. Nimeziba gata, migomba nimepunguza, hadi leo pakavu.

Kulikuwa pia na ufa kwenye hilo zege, fundi aliuchimba kidogo akasafisha vumbi akalowesha ndo akajaza sementi na mchanga, nikawa namwagia maji siku saba. Sila (ile dawa ya kupaka juu ya zege lisinyonye maji) nimeahirisha kwanza, hela ya ada imebana.