Filamu ya Lincoln: alilegeza msimamo au aliuuza?

Swali
Ndugu wachangiaji, nimetazama filamu ya Lincoln ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Steven Spielberg, nami nimebaki na swali. Inasimulia hasa harakati za Januari 1865, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alipotafuta theluthi mbili ya kura katika Baraza la Wawakilishi, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikiendelea, ili Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, yapite. Wajumbe wa Democratic, chama cha upinzani, wanaahidiwa vyeo, naye mjumbe Thaddeus Stevens, mtetezi mkubwa wa usawa wa watu weusi, anasimama na kutamka kwamba anachodai ni usawa mbele ya sheria tu, si usawa katika mambo yote. Je, huko si kuuza msimamo?

Jibu la kwanza
Ndugu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juni 1864 marekebisho hayohayo yalipata kura 93 dhidi ya 65, yakakwama; tarehe 31 Januari 1865 yakapata 119 dhidi ya 56, ilhali zilizohitajika ni 117. Kwa pengo jembamba namna hiyo, sentensi moja ya Stevens ingetosha kuwatisha waliokuwa wakisitasita. Halafu mtazame vizuri katika onyesho lile: anakubali kulimeza neno moja, kisha ulimi wote uliobaki anaufungulia George Pendleton, mjumbe wa Democratic aliyeyapinga marekebisho, akimwambia kwamba hata mtu kama yeye anastahili kutendewa sawa mbele ya sheria. Huyo hajauza kitu.

Jibu la pili
Kuinama sina neno nako. Kinachonikera mimi ni ile barua. Siku ya kura ulienea uvumi kwamba wajumbe wa amani kutoka Kusini wako njiani, jambo ambalo lingeweza kuwafanya waliositasita wayakatae marekebisho, na Lincoln akaliandikia Baraza kwamba, kwa kadiri ajuavyo, hawamo mjini wala hawaelekei kuwamo. Ni kweli hawakuwa wakienda Washington. Walikuwa wakienda Hampton Roads, Virginia, ambako yeye mwenyewe alikutana nao tarehe 3 Februari. Kila neno lilikuwa la kweli, na barua nzima ilipotosha. Tusiiite hiyo maafikiano, kwa sababu anayeafikiana nawe hujua unachompa na unachomnyima.

Jibu la tatu
Naafiki kuhusu barua, ila filamu yenyewe isichukuliwe kama kumbukumbu za Baraza. Inaonyesha wajumbe wawili wa Connecticut wakipinga, ilhali wote wanne waliunga mkono, na Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyepigania kufutwa kwa utumwa na aliyewahi kuonana na Lincoln Ikulu, hayumo kabisa. Lililo zito zaidi limo ndani ya marekebisho yenyewe, yanayopiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Baada ya vita, majimbo ya Kusini yaliupitia mlango huo yakawakodisha wafungwa, wengi wao weusi, kwa wenye mashamba na migodi.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Stevens nimemwelewa sasa. Barua bado sijaikubali, na hilo la adhabu nilikuwa nimelipita bila kulisoma.