Planck haikupima mwendo wa galaksi hata moja, sasa 67.4 imetoka wapi?

MwalimuTororo
Ndugu zangu, habari za jioni. Nafundisha fizikia Senior Five na Six hapa Tororo. Wiki hii tumefika kwenye mnururisho wa usuli, ule mwanga ulioachiwa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, ambao leo umepoa hadi kelvini 2.725. Binti mmoja akauliza: setilaiti ya Planck ilichora ramani ya halijoto tu, doa na doa zikitofautiana kwa sehemu moja hivi katika 100,000. Iweje watu wapate humo kwamba ulimwengu unapanuka kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka-nuru milioni 3.26 hivi)? Nimemwahidi jibu kamili. Tafadhali msinirukishie hatua.

AngaMbarara
Shikamoo mwalimu. Binti amegusa penyewe. Planck ilipima pembe, 67.4 ilikokotolewa.

Kabla ya miaka hiyo 380,000, fotoni, elektroni na protoni zilikuwa zimeshikana. Mvutano ulikusanya maada, shinikizo la mwanga likaisukuma nje, na mawimbi ya sauti yakasafiri humo mpaka atomu zilipoundwa na mwanga ukaachiwa. Umbali ambao sauti ilikuwa imefika, ukiuongezea upanuzi wote hadi leo, ni miaka-nuru milioni 470 hivi. Hiyo ndiyo rula. Angani inachukua pembe ya digrii 0.6, na pembe hiyo imepimwa kwa usahihi wa ajabu, sehemu 3 katika 10,000.

Urefu wa rula tunaujua kutokana na vilele vya grafu inayoonyesha halijoto inatofautiana kiasi gani kwa kila ukubwa wa doa. Barioni, yaani maada ya kawaida, zikiongezeka, kilele cha kwanza na cha tatu hupanda kuliko cha pili. Maada giza haisukumwi na mwanga, na kilele cha tatu ndicho hasa kinachofichua kiasi chake: zaidi ya mara 5 ya barioni. Ukishajua hivyo viwili, unakokotoa sauti ilifika wapi. Urefu na pembe vinakupa umbali, miaka-nuru bilioni 45 hivi. Sasa chukulia anga ni bapa na nishati giza, ile inayoharakisha upanuzi, haibadiliki: umbali huo unakubali kiwango kimoja tu cha Hubble, yaani kasi ya upanuzi ya leo: 67.4, zaidi au pungufu 0.5.

Nyota256
Lakini kilele cha kwanza kiko kwenye 220 ya mhimili wa chini wa grafu, ambako namba ikikua doa huwa dogo: digrii zake ni kama 180 ukigawanya kwa namba hiyo. Gawanya 180 kwa 220 unapata 0.8, siyo 0.6.

AngaMbarara
Kweli. Rula peke yake ingekiweka karibu na 300. Mvutano wa mnururisho wenyewe, na jinsi mawimbi yanavyoonekana yakitandazwa kwenye duara la anga, hukisogeza hadi 220. Kwa hiyo hakuna anayesoma pembe kwenye kilele kimoja. Grafu nzima hulinganishwa na modeli yenye vigezo 6.

MwalimuTororo
Ahsante sana. Kumbe dhana ya nishati giza ikibadilika, 67.4 nayo inabadilika? Maana wanaopima umbali wa galaksi kwa nyota za Sefeidi (zinazopwesapwesa) na supanova (nyota zinazolipuka) wanapata kama 73.

AngaMbarara
Ndiyo, na kwangu hilo ndilo la kumwambia binti kabla ya yote. Tena mwache ajaribu mwenyewe. Programu ya CAMB, inayokokotoa grafu hiyo kutoka kwenye modeli, ni ya bure na inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Ashikilie barioni na maada giza, kisha apandishe Hubble kutoka 67 hadi 73. Urefu wa vilele utabaki karibu uleule, ila vyote vitasogea kushoto. Halafu avirudishe mahali pake bila kugusa Hubble. Akipunguza maada giza vitarudi, lakini urefu wake utaharibika na hautalingana tena na vipimo vya Planck. Njia ambayo watafiti kadhaa wanaijaribu ili kupatanisha 67.4 na 73 ni kufupisha rula yenyewe, kwa kuweka fizikia mpya kabla mwanga haujaachiwa.