Tupeane uzoefu: siku Docker ilipokugomea baada ya kuisakinisha

mtoa mada: Wakuu, kuna kijana hapa ofisini kasakinisha Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya kontena, yaani vyumba vilivyotengwa) kwenye Ubuntu, kila akiandika docker ps, amri ya kuorodhesha kontena, anapigwa "permission denied". Nimecheka, maana mimi yangu niliifuta na kuisakinisha upya mara tatu, kumbe nilitakiwa kutoka kwenye akaunti na kuingia upya tu ili kundi la docker nililojiunga nalo lisomeke. Nyie iliwatesaje?

sitaki_sudo: Miezi saba nimeandika sudo (ya kuendesha amri kama root, mtawala wa mashine) mbele ya kila amri. Siku najiunga na kundi, folda ya ~/.docker nayo ikawa mali ya root. Chown, amri ya kubadili mwenye faili, ikaniokoa.

chapchap: Mnajitesa bure. sudo chmod 666 /var/run/docker.sock, kazi kwisha.

mlinzi_wa_zamu: Acha kupotosha watu. Soketi ile, mlango wa kuiamuru Docker, inakuja na ruhusa 660, yaani kusoma na kuandika kwa mwenyewe root na kundi docker tu. Ukiiweka 666, yaani kwa kila mtu, kila programu kwenye mashine inaweza kujifanya root. Halafu ukizima na kuwasha mashine inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo hata kazi yenyewe haijaisha.

chapchap: Laptop ni yangu peke yangu. Nani ataniingilia, paka?

fundi_wa_usiku: Ngoja niwape ya kwangu. Seva ya mteja, saa tano usiku, asubuhi mfumo wa tiketi unaanza kazi. Nikataka kujiingiza kwenye kundi. Badala ya usermod -aG nikaandika:

sudo usermod -G docker fundi

Kasoro ile a ndogo tu. Haikulalamika hata kidogo. Nikatoka, nikaingia upya kwa SSH, yaani kwa mbali, docker ps ikaitika bila sudo, nikajipongeza na chai. Nagusa faili la Nginx (seva ya tovuti) kwa sudo, najibiwa fundi hayumo kwenye faili la sudoers, orodha ya wanaoruhusiwa sudo, na tukio litaripotiwa. Liripotiwe kwa nani? Niko peke yangu hapa!

Kumbe -G bila -a inakufuta kwenye makundi mengine yote ya ziada, la sudo likiwemo, unabaki na ulilolitaja na lile la jina lako. Nywila ya root haipo, Ubuntu huifunga. Konsoli ya seva anayo mteja, na mteja kazima simu. Nimekaa nusu saa natazama kishale kinavyopepesa. Ndipo ikanijia kwamba kundi pekee la maana nililobaki nalo ni docker.

docker run --rm -it -v /:/mwenyeji ubuntu chroot /mwenyeji bash

Kontena ikafunguka na diski nzima ya seva ndani yake, alama ya dola ikageuka #, yaani nimekuwa root. Nikajirudisha: usermod -aG sudo fundi. Nikatoka, nikaingia, nikalala.

kikombe: Subiri. Umekuwa root wa seva nzima bila nywila yoyote?

fundi_wa_usiku: Ndiyo.

kikombe: Leo silali.

mlinzi_wa_zamu: Chapchap, umesoma?

chapchap: Nimesoma. Kumbe kundi lenu na 666 yangu ni mtu na binamu yake.

mlinzi_wa_zamu: Kwenye kundi unamwingiza mtu kwa jina lake. Wewe umeng'oa mlango.

podman_damu: Hamieni Podman, mbadala wa Docker, haina huduma inayokesha ikiwa root.

sitaki_sudo: Huyu naye! Kila uzi yumo, kama kondakta anaita abiria.

nyuzi_tatu: Docker nayo inaendeshwa bila root, kuanzia toleo la 20.10 si majaribio tena. Sakinisha kifurushi cha uidmap kwanza, kisha dockerd-rootless-setuptool.sh install. Ila usisahau loginctl enable-linger, ili huduma zako ziendelee ukishatoka. Mimi nilisahau, kila nikitoka kwenye seva kontena zote zinakufa, nikawa nawalaumu watu wa umeme wiki nzima. Na bandari 80 ya tovuti itakukatalia, kama zote zilizo chini ya 1024, mpaka uiruhusu mwenyewe.

kikombe: Naunga mkono hoja, ingawa nimeelewa nusu.

mtoa mada: Nimemwambia kijana aandike groups aone makundi yake. Limetoka jina lake na docker, basi. Fundi, usiende mbali, ndiyo naikopi ile ya chroot.