Barua yetu kwa komini haijajibiwa: vijana tufanye nini sasa?

Dada wa Kartiye (Lubumbashi) anauliza:

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kundi la vijana wa kartiye moja, yaani mtaa, katika mojawapo ya komini saba, yaani sehemu za utawala, za mji huu wa Lubumbashi. Tulianza kwa salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Tulizibua mfereji unaopita kando ya shule ya msingi, ambao kila mwaka mvua zinapoanza hujaa mifuko ya plastiki, maganda ya mihogo na mchanga unaoteremka kutoka barabara isiyo na lami. Maji yakikosa njia huingia madarasani, na walimu huwapandisha watoto juu ya madawati. Tuliuzibua, ukajaa tena, kwa kuwa uchafu si tatizo pekee: ukingo wa saruji umebomoka upande wa shule, na kuujenga upya ni kazi isiyowezekana kwa makoleo yetu.

Basi tulimwandikia bwana burugumesta, mkuu wa komini, tukaipeleka barua wenyewe, tukaambiwa tusubiri. Kiangazi kimekwisha na jibu halijaja. Sasa kundi limegawanyika. Wako wanaotaka tuandamane. Wako wanaosema tujiandikishe kwanza kama shirika lisilo la faida, tupate hati, kisha tutafute mfadhili. Na wako waliofikiwa na mwanasiasa aliyejitolea kutununulia fulana na kutulipia usafiri, mradi jina lake lionekane. Nawauliza wenye uzoefu: vijana wasio na cheo wala fedha wafanyeje hata wakuu wa komini waone ni lazima kuwajibu, bila sisi kununuliwa na bila kuwaingiza wenzetu hatarini?

Yaya (ndugu mkubwa) wa Ruashi anajibu:

Mdogo wangu, kabla ya yote niambie: mlipopeleka ile barua, mlibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi ya aliyeipokea? Kama hamna, mbele ya utawala ni kana kwamba hamkuandika. Barua yoyote ichapwe nakala mbili, moja ibaki mapokezi na nyingine irudi nyumbani na muhuri. Karani akisema muhuri hauko, mwombe aandike kwa mkono jina lake na tarehe, kwa adabu, na msiondoke kabla hajaandika.

Tena, msirudie barua ya kawaida. Andikeni ombi la pamoja, lile ambalo watu wetu huliita petisyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na kinailazimu mamlaka hiyo kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinasema kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuanzisha ombi la namna hiyo. Kitajeni kwa namba yake katika mstari wa kwanza. Nimeona wakuu wanaonyamazia barua nzuri kabisa wakianza kuita watu ofisini pale wanapoona kwamba waandishi wanajua siku ya mwisho ya kujibiwa.

Jambo ninalotaka mlishughulikie zaidi ni fedha, kwa sababu jibu mtakalopewa nalijua: komini haina pesa. Huenda ni kweli, lakini isiwe mwisho wa mazungumzo. Kwa Katiba, kifungu cha 175, majimbo yanastahili asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Sheria ya 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yenye madaraka yake, yaani miji, komini, sekta na utemi, inasema maeneo hayo yanastahili asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Pigeni hesabu: katika kila faranga 100, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, 16 ni za maeneo ya chini, pamoja na komini zetu. Kisha kuna mrabaha wa madini, yaani malipo yanayotozwa kwa madini yanayochimbwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sisi wa jimbo la Haut-Katanga tunayaona malori ya shaba yakipita kila siku, na ni wachache mno miongoni mwetu wanaojua namba hizi.

Kwa vitendo fedha hizo hufika pungufu au zikichelewa, na ndiyo maana ombi lenu lisiishie kwa burugumesta. Iulizeni komini, kwa maandishi, ilitarajia kupokea kiasi gani katika bajeti ya mwaka huu, imepokea kiasi gani, na kama kuna fungu lolote la mifereji. Akijibu kwamba fungu la komini halijateremshwa kutoka juu, mmepata hoja ya kuwapelekea wabunge wa jimbo, na huenda burugumesta mwenyewe akafurahi kuwa na watu wa kumsindikiza. Nakala muwape madiwani wa komini, waliochaguliwa Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba hii ianze kutumika. Kupitisha bajeti ya komini ni kazi yao. Nakala nyingine iende kwa Office des Voiries et Drainage, kwa kuwa barabara za mji na mifereji yake ni kazi ya idara hiyo, msije mkazungushwa mwaka mzima kati ya ofisi mbili, kila moja ikisema mfereji ni wa mwenzake.

Mzaliwa wa Goma anajibu:

Nakubaliana na yaya juu ya muhuri na juu ya fedha. Naongeza kuhusu maandamano na hati, kwa sababu nimekulia Goma, mji ambako vuguvugu la LUCHA lilizaliwa mwaka 2012, vijana wakidai maji, barabara na kazi.

Hati si sharti la kuanza. Sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inahitajika pale mnapotaka shirika lenye hadhi yake kisheria, la kupokea ruzuku au kumiliki mali. Wananchi kuweka sahihi pamoja juu ya mfereji wa shule hakuhitaji hati yoyote. LUCHA walichagua kwa makusudi kutojiandikisha na kutokuwa na rais, na hilo halikuwazuia kusikika hadi nje ya nchi: mwaka 2016 Amnesty International iliwatunuku tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri, pamoja na vuguvugu nyingine za vijana wa Afrika. Kundi linaloanza kwa kutafuta mfadhili huishia kuandika miradi anayoipenda mfadhili, na mfereji husahauliwa.

Kuandamana ni haki yenu. Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka waandaaji waiarifu mamlaka kwa maandishi; hakisemi waombe ruhusa. Lakini lazima niwaambie ukweli wote. Februari 2016, vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma walipokuwa wakiandaa mgomo wa mji, wakahukumiwa na kufungwa. Kwa hiyo maandamano yasiwe hatua ya kwanza ya kundi ambalo bado halijui mawakili wake ni nani, nani atakwenda kituoni mwenzake akikamatwa, na nani atawaarifu wazazi. Watoto wa shule wasiitwe barabarani kamwe, hata kama mfereji ni wa shule yao. Ombi likinyamaziwa hadi muda upite, hapo mtatembea mkiwa na sababu ambayo kila mzazi wa kartiye anaielewa.

Kuhusu fulana, kataeni. Mwanasiasa huyo aalikwe kuweka sahihi yake kama mkaaji mwingine yeyote, kwenye mstari wake, bila picha. Siku mtakayovaa jina lake, kila ofisi itakuwa na kisingizio cha kusema mfereji ni kampeni, na wakaaji wa chama kingine watajitenga nanyi. Atakayesema kwamba bila usafiri hamtafika, mwambieni komini ni ya kufika kwa miguu.

Mama wa Soko la Kenya (komini ya Lubumbashi) anajibu:

Wanangu, nimesoma yote. Nauliza: katika kundi lenu wasichana ni wangapi, na wanafanya nini? Nimeona makundi mengi ya vijana ambamo wasichana huandika kumbukumbu na kuandaa chakula, halafu siku ya kumwona burugumesta wanaingia wavulana peke yao. Wewe uliyeandika ni katibu. Utakuwa kati ya watakaosema siku hiyo? Mikutano inayoanza jioni giza likiingia huwatoa wasichana bila mtu kuwafukuza, kwa sababu wazazi hawawaruhusu na njia si salama. Kutaneni Jumamosi baada ya salongo, mchana, kwenye uwanja wa shule.

Jambo jingine, msitusahau mama wa soko. Sisi hulipa kodi ya meza kila siku, na risiti tunazo. Nendeni sokoni, ombeni kila mama awaonyeshe risiti za wiki moja, muandike jumla yake bila kutaja majina. Mnapoingia ofisini na karatasi inayoonyesha kile ambacho wakaaji wa kartiye wanalipa, mnazungumza kama wenye komini wanaotaka hesabu ya fedha zao, na mkuu wa ofisi anajua tofauti. Vijana wengi hudhani utetezi ni kusema vizuri Kifaransa. Someni ombi lenu kwa Kiswahili mbele ya wazazi kabla ya kulipeleka, ili kila anayeweka sahihi ajue amesaini nini.

Dada wa Kartiye:

Mama, yaya, ndugu wa Goma, nawashukuru sana. Nimeyasoma majibu yenu mbele ya kundi zima, na tumekubaliana: petisyo kwanza, fulana hapana, nami nitakuwa mmoja wa watakaozungumza. Limebaki swali moja. Miezi mitatu itatupeleka katikati ya mvua, na maji hayatangoja majibu. Tena baadhi ya wakaaji wanaogopa kuandika namba zao za simu kwenye orodha.

Yaya wa Ruashi:

Mdogo wangu, ligaweni ombi sehemu mbili katika karatasi hiyohiyo. Sehemu ya kwanza ni ya dharura: mifuko ya mchanga mahali ukingo ulipobomoka na lori moja la kuondoa taka mtakazozitoa nyinyi wenyewe, kabla ya mvua kubwa. Hilo komini inaweza kulitimiza bila kungoja bajeti, na mkuu wa ofisi hupenda kuombwa kitu anachoweza kukitoa wiki hiyo. Sehemu ya pili ni ukingo wa kudumu, na maswali ya fedha, yenye muda wa miezi mitatu.

Kuhusu orodha, msidai namba za simu. Jina, avenyu na sahihi vinatosha. Karatasi zenye majina zisizunguke mikononi mwa watu. Akae nazo mtu mmoja shuleni, kwa idhini ya mkurugenzi, na wakaaji wamfuate hapo. Pigeni picha kila ukurasa kabla ya kuukabidhi. Mkishapata muhuri, bandikeni kwenye ukuta wa shule tarehe ya kupokelewa na tarehe ya mwisho ya jibu, kwa maandishi makubwa, ili wazazi wanaoleta watoto asubuhi wawe wakiihesabu pamoja nanyi.