Mjadala: Wamormoni wanaishi miaka mingi kwa sababu ya masharti ya chakula, au tunaisifia sahani bure?

Mnywa Kahawa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jumamosi jioni nilikuwa kijiweni kwetu, kahawa mkononi, wakapita vijana wawili wa Kizungu: shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio hao tuliozoea kuwaita Wamormoni. (Tangu 2018 kanisa lenyewe linaomba jina hilo liachwe, ila nikiandika lile refu kila mara hatutafika.) Muuza kahawa akainua dele, akawamiminia vikombe viwili, bure, ukarimu tu. Wakakataa kwa adabu. Wakachukua kashata, mmoja akavuka barabara kununua Coca-Cola ya baridi, wakakaa nasi karibu nusu saa. Walipoondoka mzee mmoja akasema, "Hawa ndio wanaofika miaka mia." Mwenzake akamjibu, "Kwa Coca-Cola?" Ubishi ulianzia hapo, na kwa kuwa haukuisha nimewaletea.

Kwa asiyejua: sharti lao linaitwa Neno la Hekima. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, alilitoa Februari 1833 huko Kirtland, Ohio. Inasimuliwa kwamba wanaume walikuwa wanakutana kwake kwenye chumba cha juu ya jiko, wanavuta viko, wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni, na wa kusugua ni mkewe, Emma. Ndipo Smith akaenda kuuliza kwa Mungu. Yaliyokatazwa ni pombe, tumbaku na "vinywaji vya moto", ambavyo viongozi walivifafanua kuwa chai na kahawa. Nyama iliwe kwa kiasi, wakati wa baridi au njaa. Atakayeshika ameahidiwa kukimbia bila kuchoka.

Sasa takwimu. Mtafiti James Enstrom wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, aliwafuatilia Wamormoni hai katika imani huko California, karibu elfu kumi, kuanzia 1980 hadi 2004. Waliooa au kuolewa, wasiowahi kuvuta, wanaokwenda kanisani kila wiki na wenye miaka 12 ya shule au zaidi, ukiwahesabu tangu wakiwa na miaka 25 walitarajiwa kufika 84 kwa wanaume na 86 kwa wanawake. Mwanaume mweupe wa kawaida wa Marekani mwaka 2000 alikuwa kwenye 75 hivi, na mwanamke 80. Pengo hilo si dogo.

Mimi nasema hivi: wanaishi zaidi, sibishi. Ila kilichopo kwenye sahani ndicho chenye mchango mdogo kuliko vyote. Karibuni.

Mpare wa Same

Mkuu, hapo kwenye sahani umeteleza. Mimi ni Msabato, na sisi Upareni tunayo historia hii tangu misheni ya Giti, 1903. Wasabato wa mji wa Loma Linda na California nzima wamechunguzwa kuliko dhehebu lolote. Utafiti wa Gary Fraser wa 2001 ulionyesha wanaume Wasabato wanawazidi wanaume weupe wengine wa California kwa miaka 7.3, wanawake kwa 4.4. Na humo ndani, wasiokula nyama waliwapita wanaokula. Usiniambie chakula hakihusiki.

Mnywa Kahawa (mleta mada)

Nakushukuru kwa hiyo 7.3, maana umenipa silaha. Ray Merrill wa Chuo Kikuu cha Brigham Young (chao wenyewe) alichapa hesabu ya Utah, jimbo lenye makao yao makuu, mwaka 2004: wanaume Wamormoni miaka 77.3, wanaume wasio Wamormoni 70.0. Toa mwenyewe. Na hawa wanakula nyama ya ng'ombe kama kawaida! Lile shauri la nyama kwa kiasi limeandikwa, lakini hakuna anayeulizwa.

Mpare wa Same

Unalinganisha vitu viwili tofauti. Fraser aliwapima Wasabato dhidi ya watu wa California, Merrill dhidi ya majirani wa Utah. Saba kulingana na saba haina maana. Na unasahau jambo: Wasabato wanaokula nyama nao hawavuti wala hawanywi, kwa hiyo tofauti kati yao na wala mboga haiwezi kuwa sigara.

Mnywa Kahawa (mleta mada)

Hiyo ya kwanza nakubali, nilikurupuka. Ya pili inawahusu Wasabato, sisi tuko kwa Wamormoni.

Nesi wa Zamu

Mnabishana na hamjaangalia mlango wa kuingilia. Enstrom hakuchukua Mormoni yeyote, alichukua walio hai kanisani, wenye ndoa, wenye shule. Mvutaji alishajitenga zamani kwa aibu. Mgonjwa wa kitandani haendi ibadani kila wiki. Ukichuja hivyo hata mashabiki wa timu yako ya mpira utakuta wanaishi miaka 85.

Na Enstrom mwenyewe alikiri kitu ambacho wahubiri hawakisomi. Alichukua Wamarekani wa kawaida, si Wamormoni, wenye sifa zilezile: ndoa, shule, ibada kila wiki, hawajawahi kuvuta. Vifo vyao vilikaribiana sana na vya Wamormoni. Maana yake jina la kanisa halikuongeza jambo kubwa.

Lingine la pembeni, msiniue: huyu Enstrom ndiye aliyeandika mwaka 2003 kwenye jarida la BMJ kwamba moshi wa sigara ya mwenzio hauhusiani sana na vifo, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye viwanda vya sigara. Kazi yake ya Wamormoni siikatai, ila nikimsoma navaa miwani.

Chai Rangi

Nimekuja kutetea kahawa. Tafiti kubwa za Marekani na Ulaya zimekuta wanywaji wa kahawa wanakufa kidogo kuliko wasiokunywa. Wajapani wanakunywa chai ya kijani asubuhi na jioni na wako kileleni kwa umri duniani. Mwaka 2019 kanisa liliwakumbusha vijana kwamba chai ya kijani nayo haifai, hata kahawa ya barafu. Soda yenye kafeini ruksa, walilitamka wazi 2012. Kama sheria hii ingekuwa ya afya tu, Coca-Cola ingetangulia kutoka nje na kikombe cha kahawa kingebaki mezani.

Mwana Uvira

Niko Salt Lake City mwaka wa saba, si Mormoni. Acha niwaambie ninachokiona kwa macho.

Jirani yangu alifiwa na mume, mwezi wa tatu, theluji bado ipo. Jioni ileile kina mama wa kanisa walifika na sinia za foili. Nikasaidia kuzipanga jikoni, nikafunua moja: viazi vilivyokunwa vimezama kwenye jibini na krimu, juu wamemwaga konfleksi zilizokaangwa kwa siagi. Wanaviita viazi vya msiba, kabisa ndilo jina. Pembeni jeli ya kijani inayotetemeka, ndani yake karoti. Mwaka 2001 bunge la Utah liliitangaza Jell-O, ndiyo jeli hiyo, kuwa kitafunio rasmi cha jimbo, sitanii. Mtaani kuna vibanda vya soda vyenye foleni ya magari, wanachanganya na sharubati na krimu, kikombe chenyewe unakibeba kwa mikono miwili. Mkiniambia chakula chao ndicho kinawapa umri, nitacheka.

Lakini yule mjane sikumwona akila peke yake kwa wiki mbili. Wapo kina mama wawili waliopangiwa na kanisa kumtembelea, majina yao kwenye orodha. Asubuhi vijana walizoa theluji mlangoni kwake kabla hajaamka. Jumapili moja hakutokea, simu ikaita saa tano. Mimi kwenye jengo letu naweza kufa Ijumaa nikagunduliwa kwa harufu.

Ustadhi wa Ng'ambo

Mmeruka funga. Wao hufunga Jumapili ya kwanza ya mwezi, milo miwili, na thamani yake wanatoa kwa maskini. Watafiti wa maradhi ya moyo hukohuko Salt Lake wakiongozwa na Benjamin Horne walichapisha mwaka 2008 kwamba wagonjwa wenye mazoea ya kufunga walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko wasiofunga. Sisi Waislamu tunafunga mwezi mzima, pombe haramu, nguruwe haramu. Halafu nenda nje ya msikiti baada ya taraweh uone sigara zinavyowashwa.

Mnywa Kahawa (mleta mada)

Ustadhi, umemaliza kazi yangu. Sigara! Merrill alijaribu kuitoa kwenye hesabu: kati ya ile miaka 7.3 ya wanaume, tumbaku ilieleza mwaka mmoja na nusu hivi. Nakiri nilitegemea iwe kubwa zaidi, imenivunja nguvu kidogo. Iliyobaki yeye anaielekeza kwenye ushiriki wa dini kwa jumla, watu kushikana mkono, mwenendo. Ndicho alichokiona Mwana Uvira mlangoni kwa mjane.

Na kuna kitu kinachofanya sharti lao lishike kuliko yetu. Andiko lenyewe la 1833 linasema si kwa amri wala kulazimishwa. Wakati wa rais wa kanisa Heber J. Grant, kufikia 1921, likawa sharti la kuingia hekaluni. Leo anayetaka kibali anakaa na askofu wake kila baada ya miaka miwili, uso kwa uso, anaulizwa: unalishika Neno la Hekima? Mimi daktari aliniambia niache sigara mwaka 2016. Hajaniuliza tena hadi leo.

Nesi wa Zamu

Kumbe na wewe unavuta! Mjadala mzima unatuficha.

Ila tusiwapambe kupita kiasi. Utah ni moja ya majimbo yenye kiwango kikubwa cha kujiua Marekani, na dawa za maumivu zimeua wengi pale. Kuulizwa uso kwa uso kuna wanaokuhimili, na wengine kunawavunja.

Mpare wa Same

Rais wao Russell Nelson, daktari wa upasuaji wa moyo, alifariki Septemba 2025 akiwa na miaka 101. Gordon Hinckley, naye aliwahi kuwa rais, 97. Mnalisemaje hilo?

Nesi wa Zamu

Rais wao anapatikana kwa kusubiri zamu ya ukongwe miongoni mwa mitume, yaani viongozi wa juu wa kanisa. Anayekufa mapema hafiki kwenye kiti.

Mnywa Kahawa (mleta mada)

Kuna mtu humu aliyewahi kuwa mle akatoka? Nina swali moja. Ulipotoka ulianza na kipi, kahawa au sigara?

Niliyetoka

Nililelewa humo tangu ubatizo wa miaka minane, nikaondoka nikiwa na 31. Kahawa niliionja wiki ya kwanza, sasa hivi ninayo hapa. Sigara sijawahi kuigusa, wala hamu sina. Pombe bia moja harusini.

Kilichokatika ni wale wawili wa kanisani waliopangiwa kunitembelea kila mwezi. Walikuja mara tatu baada ya mimi kuandika barua ya kujitoa, mara ya nne hawakuja. Mwaka jana nililazwa siku sita. Nilikuwa naangalia mlango saa za kuona wagonjwa.

Mwana Uvira

Uko mji gani, ndugu?