Mrejesho: taa kufifia besi ikigonga

Niliuliza kwa nini taa za gari zinafifia besi ya muziki ikigonga, amplifaya (kikuza sauti) ikiwa ya wati 1,500. Tatizo limekwisha, na wala kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) haikuhitajika. Amplifaya hiyo ikifunguliwa sauti yote hula takriban ampea 135. Altaneta (jenereta ya gari) ya ampea 90 haifui dafu, betri inafidia mpaka volti zinashuka chini ya 12. Nimefunga altaneta ya ampea 200 na nyaya nene, milimita 50 za mraba, shaba halisi (si alumini iliyopakwa shaba): altaneta hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, injini hadi bodi. Penye ethi (waya unapoungwa kwenye bodi) kwangua rangi hadi chuma king'ae, la sivyo kiungo kinapata moto. Fyuzi ya waya wa chanya isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Sasa volti hazishuki chini ya 13.6.